Nondo Asiye na Mabawa

Maneno yale Hilaria aliyasikia kwenye mashine ya kusaga, Mpwapwa, miaka ile biashara huria ilipopamba moto na watu wakauza hata vinyonga. Eti msichana mmoja alipanda milima ya Rubeho kutafuta nondo, akakutwa amekaa juu ya jiwe, macho wazi, amekauka. Huenda ni uongo, lakini hayakumtoka kichwani. Binti yake Asnath alipopata kibarua kwa mtafiti, Mwalimu Batholomeo, cha kukusanya vifuko vya nondo hao, Hilaria alimfuata hukohuko juu.

Watu wa nchi ya ukame wanaogopa kiu. Walibeba dumu zima la maji, mablanketi wakayaacha kambini.

"Nondo gani anaishi baridi hii?"

"Huyu, mama. Kiwavi anakula majani, akishiba anajisukia kifuko jiweni. Jike akitoka hana mabawa. Anakaa palepale, dume anamfuata, anataga, anakufa."

"Masikini! Hata kutembea kidogo?"

"Angeruka, upepo ungemtupa Dodoma mjini."

Hawajamaliza kucheka, ukungu ukawafunika. Upepo ukafa, manyunyu yakawalowesha mpaka mifupani. Asnath akateleza na makubazi yake, kifundo kikateguka. Wakakokotana, wakakokotana, wakajikuta kwenye jiwe lilelile alikobandulia vifuko.

Asnath alitetemeka hadi akaacha kutetemeka. "Mama, nikae kidogo tu."

Macho yake yalikuwa wazi mno. Hilaria akayakumbuka maneno ya mashineni.

"Hukai! Nyanyuka!"

Akamwaga maji apunguze mzigo, roho ikimuuma kama anamwaga maziwa. Akakung'uta vifuko kutoka kwenye kiroba.

"Mama! Kazi ya Mwalimu!"

"Mwalimu atanizalia wewe mwingine?"

Akakitoboa kiroba, akamvisha kama gauni, akamfunga kifundo kwa kanga. Ndipo akalitazama jiwe.

"Mbona ulivibandua upande huu tu?"

"Upande wa pili havipo. Upepo wa huku ni wa mashariki. Wanajificha magharibi."

"Na asubuhi tulipanda jua likituchoma mgongoni?"

"Ndiyo."

"Basi kambi iko mashariki. Tunaelekea upande usio na vifuko."

Jiwe hadi jiwe, Hilaria alipapasa vifuko, akazunguka upande usio navyo, akasonga, mwanawe begani. Kwenye jiwe moja kidole kikagusa kitu laini chenye manyoya, kinatikisika: jike, amekumbatia mayai yake. Akaondoa mkono taratibu.

Mwishowe wakasikia sufuria ikigongwa. Mwalimu Batholomeo alikuwa akiwaita.

"Mama Asnath! Shikamoo! Vifuko je?"

"Marahaba. Viko kwao. Lete blanketi."

Tangu siku hiyo Hilaria hakumbishia tena mtu aliyesema kwamba mlimani maji pia huua, si kiu tu. Nawe mzazi, mwanao akiitwa huko:

Asiache blanketi ili abebe maji.
Asivae makubazi.
Asiende peke yake, hata mwajiri awe mwema namna gani.
Asiingie ukunguni bila kujua alikotokea.
Asikae "kidogo tu" akishaacha kutetemeka.
Na kifuko chenye jike juu yake, asikibandue.