Vioo Vitupu

Kila asubuhi, kabla ya chai, mama aliifuta miwani ya Kidoti kwa kitambaa laini, akampachikia puani na kumuuliza, "Unaniona, mwanangu?"

"Nakuona mpaka mvi!" Kidoti, msichana wa miaka tisa, alijibu, wakacheka wote wawili. Dada yake, ambaye nyumbani walimwita Mrefu kwa ajili ya kimo chake, alikuwa uani akisugua masufuria. Yeye hakuna aliyemuuliza anaona nini.

Macho ya Kidoti yalikuwa mabovu tangu utotoni. Mwaka huo yalizidi, ikabidi anunuliwe lenzi nzito zaidi. Mama, fundi cherehani, alishona sare za shule wiki sita mfululizo ili azilipie. Kila cherehani ilipolia, Mrefu aliona kama inaita jina la mdogo wake tu. Roho ikamuuma.

Siku ya kuchukua miwani walikwenda dukani wote watatu. Kidoti alipojaribu fremu yake nyekundu, mhudumu akamsifu, "Umependeza kama mwalimu mkuu!" Hapo Mrefu akashindwa kuvumilia.

"Mama, hata mimi sioni vizuri. Ubaoni naona ukungu tu."

Mama alishtuka. "Tangu lini? Mbona hukusema?"

Mpimaji wa macho, mzee mwenye sauti ya taratibu, alimwingiza Mrefu chumbani peke yake. Herufi zote zilionekana waziwazi, lakini M aliiita N, na E akaiita F. Mzee akamvisha fremu ya kupimia, akatia vioo viwili.

"Na sasa?"

"Ah! Sasa naona vizuri sana!" Akasoma mpaka mstari wa mwisho bila kukosea.

Mzee akavitoa vile vioo. "Hivi ni vioo vitupu, mjukuu wangu, kama vya dirisha. Nimwambie mama, au utamwambia mwenyewe?"

Mrefu alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nitamwambia," akanong'ona.

Alipotoka, alimkuta mama kwenye dirisha la malipo. "Hii miwani yangu ya kushonea niliyoagiza irudisheni," mama alikuwa akimwambia mhudumu. "Mimi nitavumilia. Pesa hizo mtengenezeeni binti yangu yake."

"Mama, usiirudishe!" Mrefu alilia. "Nimedanganya. Naona kila kitu. Nilimwonea wivu Kidoti. Nilitaka na mimi unihangaikie."

Mama hakumgombeza mbele za watu. Alimketisha kwenye benchi.

"Miwani ya mdogo wako si zawadi," alisema. "Bila hiyo, nikisimama ng'ambo ya barabara hanijui. Umenitia hofu bure, na ungeniacha nishone kwa kupapasa. Utamwomba radhi mpimaji. Lakini na mimi nina kosa, nimekusahau. Siku nyingine wivu ukikukaba, uje uniambie. Usijisingizie ugonjwa ili upendwe."

Mrefu alikwenda akaomba radhi. Aliporudi, mama alikuwa amevaa miwani yake mpya. Akamvuta karibu, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Hili kovu la kidevuni umelipata lini?"

"Mwaka jana, Mama."

"Hebu kaa," mama alisema, akimsogezea nafasi. "Nisimulie ilikuwaje."