Oili Chafu Mgongoni mwa Bwana Mkubwa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Pilipili huwabadilishia panya wake maji na maranda. Jina hilo la utani alipewa na baba yake kwa sababu ya hasira zake, na asubuhi hiyo zilimpanda kwelikweli. Bwana Mkubwa, panya wake wa kwanza, alikuwa amejikunyata pembeni mwa kizimba, mgongo mweusi, ananuka gereji nzima.

"Nani kampaka hii?"

"Mimi," kaka yake alijibu, mswaki mdomoni. "Ana upele, anajikuna mpaka damu. Baba si alimpaka mbwa oili chafu?"

"Huyu ni mbwa? Huyu hujilamba mwili mzima! Akifa, mimi na wewe basi!"

Mama aliwapeleka watoto wote wawili, pamoja na Bwana Mkubwa, kwa daktari wa mifugo. Njia nzima Pilipili hakumtazama kaka yake.

Daktari alimwosha panya kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu, huku akifoka. "Oili chafu ni sumu, kijana! Kwa panya, kwa mbwa, kwa yeyote! Umetaka kutibu, ungeua!"

Pilipili aliona raha. Mwache akome!

Kisha daktari alichukua ukurutu kidogo wa ngozi, akautazama kwa hadubini. "Utitiri, vijidudu vya ngozi. Huyu anaishi na mwenzake?"

"Yuko panya mgeni, tuliyemleta juzijuzi," mama alisema, "ila binti yangu alimtenga stoo, kama ulivyotuagiza."

"Basi nitamtibu huyu peke yake. Lakini kama walikutana, ni kazi bure. Utitiri utamrudia kutoka kwa mwenzake, na alivyodhoofika hivi, hatapona."

Raha ikamwisha Pilipili. Siku ile mgeni alipoletwa, alishindwa kusubiri, akamtumbukiza kwenye kizimba cha Bwana Mkubwa. Wakararuana. Alimtoa mbio, akampeleka stoo na kumwambia mama kwamba alimtenga tangu mwanzo. Sasa akajikasirikia mwenyewe hadi machozi yakamtoka.

"Sikumtenga!" alisema kwa ukali, kana kwamba anamgombeza mtu mwingine. "Niliwaweka pamoja, wakapigana. Nilidanganya."

"Kumbe!" mama alimaka. "Na asubuhi nzima unamfokea mwenzako!"

"Nyani haoni kundule," kaka alinong'ona.

Daktari akatoa dawa ya panya wote wawili. "Wakipona, wakutanisheni mahali ambapo si pa yeyote kati yao. Hata wewe ungempiga mgeni aliyeingia chumbani mwako bila hodi."

Walipopona, Pilipili aliosha meza ya jikoni, akamwita kaka yake, kila mmoja akaweka panya mmoja. Bwana Mkubwa alimnusa mgeni, akamnusa tena, kisha akaanza kumlamba sikio.

Mama alitazama, hasira bado hazijamwisha. "Kaka yako alikosea kwa kutojua, akasema 'mimi' papo hapo. Wewe ulijua, ukaficha. Oili tuliitoa kwa sabuni, mwanangu. Huo uongo, usingeutema mwenyewe, tungeutoa kwa sabuni gani?"