Uso Ambao Harub Hakuutazama

Arobaini ilisomwa Alhamisi. Jumamosi yake, laasiri ikiwa imeshapoa, Masouda alimwambia mumewe, Harub, aitoe ile baiskeli nyumbani ampelekee Badr, rafiki wa marehemu, kwani yeye hawezi tena kuivumilia harufu yake.

Ilikuwa harufu ya msitu. Majani yaliyolowa, utomvu wa misonobari, udongo wa baridi. Muskati ilikuwa mwezi wa Septemba, mvua ilikuwa imesahaulika, na vilima vya nyuma ya Madinat Sultan Qaboos vilikuwa mawe matupu, makavu kama mkate wa juzi. Harufu kama ile haikuwa na pa kutokea. Lakini ilitoka stoo, kila siku, jua likianza kushuka.

Baiskeli ililetwa kutoka Uturuki pamoja na sanduku la maiti. Jaifar, mtoto wao wa pekee, miaka ishirini na saba, mwenye ofisi yake Al Khuwair, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: baiskeli za milimani. Kila Ijumaa aliviparamia vilima vya mawe vya hapa mjini. Likizo ikifika alikwenda kwenye misitu ya kule juu ya Bahari ya Mediterania, ambako njia za baiskeli hujipenyeza katikati ya misonobari, mara ghafla zikakuonyesha bahari chini ya miguu yako. Harub hakuuelewa ugonjwa huo. Mtu mzima na digrii zake, alikuwa akimwambia, anateremka mlima kama mbuzi aliyefukuzwa! Jaifar alicheka tu, akamwomba baba yake siku moja aje amtazame. Harub alisema atakuja, na hakwenda hata mara moja.

Safari ya mwisho Masouda alimfukizia nguo zake ubani, kama kawaida yake, akamfungia. Kule ikanyesha mvua, mlima ukaporomoka juu ya njia. Siku ya tatu maiti ilipatikana korongoni, begi la Jaifar mgongoni, pasi ya Jaifar ndani ya begi.

Harub ndiye aliyepanda ndege kwenda kumtambua.

Wa kwanza kuiona habari ya baiskeli alikuwa Theodora, mfanyakazi wao wa nyumbani, mtu wa Songea, mwanamke asiyependa maneno mengi. Aliipangusa ikang'aa. Kesho yake, magharibi, magurudumu yalikuwa na tope bichi, na ndani ya tope mlikuwa na majani ya msonobari, membamba, mabichi. Akapangusa tena. Siku ya nne alimfuata Harub, akaongea kwa kunong'ona.

"Baba, hii baiskeli huwa inatoka. Na ufunguo wa stoo ninao mimi."

Kwao, alieleza, mtu akifa ghafla mbali na nduguze watu hawakubali upesi. Huenda kachukuliwa msukule, anatumikishwa mahali. Na msukule huwezi kumuuliza kitu, maana hukatwa ulimi.

Masouda aliyasikia yote akiwa mlangoni. Hakuwa na haja ya kufundishwa. Shangazi zake wa hapa Omani humwita mtu wa namna hiyo mughayyab, aliyefichwa na wachawi, na bibi yake wa Unguja alikuwa akisema kwa mkato tu kwamba watu wamezika mgomba, mtu mwenyewe kachukuliwa. Tangu siku hiyo alikuwa na swali moja. Aliliuliza kwenye chai ya asubuhi, akaliuliza usiku taa ikishazimwa.

"Baba Jaifar, uso wake uliuona?"

"Niliuona."

Masouda mwenyewe hakuuona. Sanduku lilikuja limepigwa muhuri, Harub akaagiza lisifunguliwe, likatoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi makaburini, ambako wanawake hawaendi. Mama hakupewa hata nafasi ya kumgusa mwanawe paji la uso. Alikuwa na neno la mumewe tu.

Na njia ya mwongo ni fupi, ingawa ya Harub ilikuwa imefika siku arobaini. Kule kwenye chumba cha maiti mhudumu aliinua shuka. Harub akatazama ukutani. Palikuwa na saa ya plastiki, ya kijani, na mishale yake ilionyesha saa nne na dakika kumi. "Ndiye," alisema. Shuka likarudishwa. Hicho ndicho alichokiona Harub kwa kijana wake, saa ya ukutani.

Basi Jumamosi ile aliilaza baiskeli nyuma ya gari akaenda hadi chini ya kilima, pale waendesha baiskeli wanapoanzia kupanda. Badr, rafiki wa Jaifar tangu shule, aliyekuwa naye hata safari ile ya Uturuki, alikuwa amesema atakuja akishasali magharibi. Harub aliishusha baiskeli, akaiegemeza kwenye jiwe. Adhana zikapanda kutoka mitaani, moja baada ya nyingine, kisha zikakatika. Akatandika mswala wake, akasali, akaukunja.

Hapo ndipo aliponusa misonobari.

Alidhani ni baiskeli. Lakini harufu ilikuwa ikitoka juu, ikiteremka kilimani kumjia. Hewa ikapoa. Akasogeza mguu, na kandambili yake ikazama kidogo, kama mtu aliyekanyaga zulia. Chini palikuwa laini... Palikuwa pamelowa.

Tik... tik... tik... tik...

Sauti hiyo aliijua. Ni gurudumu la nyuma la baiskeli, mtu akiacha kupiga pedeli. Kwa miaka kumi alikuwa akiisikia uani kila Ijumaa jioni, na kila mara akisema moyoni, alhamdulillahi, karudi.

Kijana aliteremka kwenye mawe, baiskeli hana. Alikuja kwa miguu, na ile sauti ikaja naye. Nguo zilimganda mwilini kwa maji. Kichwani alikuwa na helmeti, ile ya kuziba uso mzima hadi kidevuni, na maji yalidondoka ukingoni mwake, to, to, to, juu ya mawe ambayo hayajaona mvua. Akasimama hatua nne kutoka kwa Harub.

"Jaifar?"

Msukule hasemi, Harub alikumbuka. Kijana aliinua mikono yote miwili, akapapasa chini ya kidevu, akafungua ukanda. Klik. Kisha akaanza kuivua helmeti. Taratibu. Kidevu kikaanza kuonekana...

Harub, mzee wa miaka sitini na moja, aliyehiji mara mbili, akafumba macho.

Alianza Ayatul Kursi, ikampotea katikati. Pumzi ya baridi ilimfikia usoni, ina utomvu na udongo. Haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Aliyesimama mbele yake hakutaka kumdhuru. Alikuwa akingoja tu, kama mtu anavyongoja kwenye kaunta ya serikali, mpaka yule aliyekaa ainue uso.

Alingoja sana. Kisha... klik. Ukanda ukafungwa tena. Tik... tik... tik... ikapanda kilima, ikapotea. Harub alipofumbua macho palikuwa na mawe tu na baiskeli, naye akalia kwa sauti, peke yake, kama ambavyo hakulia siku ya mazishi.

Badr alimkuta hivyo hivyo. Akamshika mkono, akamkalisha, asimuulize kitu. Kisha akawasha tochi aitazame baiskeli, akachutama, na mkono wake ukasimama kwenye breki.

"Ami, hii si ya Jaifar."

Harub alisema rangi ni ile ile. Kwake yeye baiskeli zote zilikuwa baiskeli. Badr akamwonyesha: kiti hiki ni cha mtu mfupi, na breki ya mbele iko kushoto. Ya Jaifar ilikuwa kulia, yeye mwenyewe Badr alisaidia kuifunga. Hii, alisema, labda ni ya yule kijana wa kule, waliyejuana naye mkahawani siku moja kabla, aliyejitolea kumwonyesha Jaifar njia. Wawili walikwenda, akapatikana mmoja. Harub alikuwa ameelezwa hayo kule kule Uturuki, kupitia mkalimani, na hakuyasikia.

"Begi lilikuwa la Jaifar," alisema.

Badr siku ile alibaki kitandani na homa, na hilo lilikuwa halijamtoka.

"Jaifar hateremki na kitu mgongoni, ami. Kila mteremko begi lake nalibeba mimi. Siku ile sikuwepo, kalibeba mwengine." Akamtazama mzee. "Lakini si wewe ulimwona uso?"

Harub alimwambia mkewe usiku huo huo, jikoni, mbele ya Theodora, kwa kuwa alijua akingoja asubuhi atapata uongo mwengine. Alimsimulia shuka, na saa ya kijani. Masouda hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji, akasema jambo moja.

"Siku arobaini nnakuuliza, nawe unanitazama machoni."

Kisha uso wake ukaanza kubadilika, na Harub akaona kitu alichokiogopa kuliko hasira. Tumaini. Kama hatukumzika, basi labda... Kesho yake, jua lilipoinama, Masouda alivaa baibui lake, akaishika baiskeli, iliyokuwa imerudi na Harub, kwa mkono wake mwenyewe.

"Nipeleke," alisema.

Pale kilimani alikataa kusindikizwa. Harub alibaki garini, akamwona akiisukuma baiskeli juu kwenye mawe, mwanamke mwenye magoti mabovu, akisimama, akipumzika, akisukuma tena. Giza likammeza. Harufu ikateremka. Na sauti ile... tik... tik... ikaja, ikakoma.

Harub aliyakodoa macho hadi yakamwaga machozi. Safari hii hakuyafumba, lakini hakuna aliyekuja kwake.

Masouda alirudi nyota zimeshatoka. Baiskeli hakuwa nayo. Pindo la baibui lilikuwa limelowa hadi magotini. Akaingia garini, akawa anachomoa majani ya msonobari kwenye nguo, moja moja, akiyaweka mbele ya kioo.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Ni yeye?"

Aliendelea kuchomoa majani. Alipoanza kusema, alisema polepole. Ni kijana mzuri, alisema, mdogo kuliko Jaifar, ana kishimo kidevuni. Kaivua helmeti mwenyewe, naye Masouda akamfuta maji usoni kwa ushungi wake. Hakukatwa ulimi. Kasema, ila kwa lugha yao.

"Siijui lugha ile. Lakini mtoto akimwita mama yake hutaki mkalimani." Akafunga mlango wa gari. "Si wetu, baba Jaifar. Ana mama yake."

Tangu jioni ile stoo ni kavu. Theodora hana cha kupangusa. Na Masouda, aliyeshindwa kuivumilia harufu, sasa kila magharibi hukaa kwenye ngazi, mlango wa stoo wazi, akinusa hewa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hakuna kinachokuja. Hata mzuka uliokuwa ukiwatembelea ulikuwa wa wenyewe.

Maombi ya kufukua kaburi yamepelekwa. Kumpata mama wa kule ilikuwa kazi ya Badr, kupitia rafiki anayejua Kituruki. Simu iliwekwa juu ya meza, sauti ya mwanamke ikajaa sebule, ikilia, kisha ikaanza kueleza jambo, na yule rafiki akasita kulifasiri.

Anasema, alifasiri hatimaye, kwamba tangu wakati ule kila magharibi kuna mtu hugonga mlango wake. Hajafungua hata siku moja, kwa hofu. Asubuhi hufagia kizingitini vumbi jeupe, kavu, ambalo kwenye misitu yao halipo. Na vumbi hilo linanukia moshi mtamu, hajui wa nini.

Masouda alijua wa nini. Alikwenda chumbani, akarudi na chetezo, na nguo za safari za mumewe, akaanza kuzifukiza ubani, moja moja, ili mgongaji azijue. Ndege ilikuwa ya alfajiri. Mlangoni alimrekebishia mzee kola yake.

"Atakapogonga, wewe ndiye ufungue," alimwambia. "Na safari hii, Harub, utazame."