Tope Lililotoka kwa Baba

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, maji ya kijito yaligeuka rangi.

Mshonaji alikuwa chini ya daraja na bomba lake la plastiki la kupimia uwazi wa maji. Alilijaza, akachungulia kwa juu. Alama nyeusi iliyochorwa kwenye kitako haikuonekana. Wiki iliyopita pia, saa kama hiyo, haikuonekana.

"Kuna mtu anachimba huko juu," alisema.

"Na mchumba wako yuko wapi?" aliuliza rafiki yake wa duka la dawa, akichomoa chupa kwenye matete. "Mwenyekiti wa kikundi kizima cha kusafisha kijito, Jumamosi ya pili hatumwoni!"

"Anachomelea geti la mtu."

"Geti hilo linavaa hereni?"

Wenzao waliangua kicheko. Mshonaji hakucheka. Alituma ujumbe: *Uko wapi?*

*Kazini, mpenzi. Geti limenitoa jasho.*

Akapiga. Nyuma ya sauti ya mchumba wake maji yalikuwa yakimwagika, na mtu akikohoa.

"Geti linaoga?"

"Nitakupigia."

Simu ikakatwa.

Alibeba bomba, akalifuata tope. Kijito kilipogawanyika alipima pande zote mbili: kushoto safi, kulia tope. Akashika kulia mpaka akatokea nyuma ya uwanja wa baba yake wa kuoshea magari.

Pale ndipo siku moja mchumba wake alipomwambia mzee huyo, mbele ya wateja, kwamba sabuni yake inaua vyura. Mzee alijibu kwamba binti yake haolewi na mtu anayemfukuzia wateja. Tangu siku hiyo neno la ndoa halikutajwa nyumbani.

Sasa mchumba alikuwa ndani ya shimo, tope hadi kiunoni. Juu yake mzee alikuwa akivuta ndoo na kukohoa.

"Baba?"

"Umetuharibia," alisema mzee. "Tulitaka ulione shimo likiisha."

"Ni shimo la kutuliza maji," mchumba alisema haraka. "Mafuta yatabaki juu, tope chini, maji yakitoka yametulia."

"Alikuja kuniomba radhi," mzee akaongeza. "Nikamwambia maneno hayachimbi. Akarudi na sururu."

Mshonaji aliutazama mfereji uliotoka shimoni hadi kijitoni. Ulikuwa wazi, ukishusha tope.

"Nani kafungua njia ya kutokea kabla shimo halijaisha?"

Wanaume wakatazamana.

"Baba mkwe ndiye..."

"Mkwe wa nani? Mwenyekiti wa maji ni wewe!"

"Kumbe mnaonichafulia kijito ni ninyi wawili!" Hapo ndipo alipocheka, mpaka akaketi chini. Kisha akavua viatu, akajaza mifuko mchanga, wakauziba mfereji pamoja.

"Asante," alimwambia mchumba, akimfuta tope shavuni kwa ncha ya kanga.

"Mshukuru mzee. Angeweza kunifukuza."

Shimo lilipokamilika, waliufungua mfereji kikundi kizima kikitazama. Magari yalioshwa kama kawaida. Mzee mwenyewe ndiye aliyejaza bomba pale maji yalipotokea. Alichungulia muda mrefu.

"Naiona alama."

Alimkabidhi binti yake bomba, akamgeukia mwenyekiti.

"Waambie wazazi wako waje."

"Asante, baba mkwe."

Safari hii mzee hakumkosoa.