Majina Usifute

"Vidole vyote virudi nyumbani," Sindano alisoma alichokiandika, kisha akakunja uso. "Haikai sawa. Hivi vidole vina nyumba?"

"Vyangu havina, vimepanga," alijibu Redio, rafiki yake, aliyekuwa amekalia pembe ya meza huku akichezesha miguu.

"Acha utani, nisaidie."

"Basi viambie virudi mstari wa kati wa vitufe. Mtoto wa darasa la tatu ataelewa."

Sindano alifuta, akaandika upya: *Rudisha vidole mstari wa kati*. Huo ulikuwa mstari wa mia moja na nane. Programu yenyewe, ya kuwafundisha watoto kupiga chapa, ilikuwa na mistari mia tatu na kumi, na yote ilihitaji Kiswahili.

Chumba cha kompyuta cha shule yao kilikuwa na meza mbili ndefu, feni moja iliyolia kama mtu mwenye mafua, na kompyuta tisa. Nane zilikuwa zikiwaka. Ile ya tano ilikuwa imetangazwa kufa tangu mwaka jana, ikafunikwa kitambaa kama maiti. Sindano, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake na kwa maswali yake yanayochoma, ndiye aliyeifunua. Mjomba wake, mtengenezaji wa simu, alikuwa amempa sidii yenye programu huria, akamfundisha jinsi ya kuiweka. Wiki ya tatu sasa, namba tano ilikuwa ikiwaka na kufanya kazi vizuri kuliko nane zilizobaki.

Hizo nane zilikuwa na ugonjwa wake. Kila asubuhi, kabla ya kufunguka, ziliandika kwa herufi nyekundu: *Leseni yako si halali*. Wanafunzi walikwishazoea. Walibonyeza kitufe, maandishi yakaondoka, wakaendelea. Redio alisema hiyo ndiyo shikamoo ya kompyuta.

Mlango ulifunguliwa. Aliingia Fundi, kijana aliyehudumia kompyuta za shule, flashi ikining'inia shingoni kama hirizi.

"Haya, mabinti. Mwalimu Mkuu ameniita. Wakaguzi wanakuja wiki ijayo, kwa hiyo naweka programu mpya kwenye zote. Naanza na hii mliyoichezea."

Sindano aliweka kiganja chake mbele ya tundu la flashi. "Hii hapana, Fundi."

"Hapana vipi?"

"Hiyo programu yako imevunjwa kufuli. Ndiyo maana kila asubuhi zinatuita wezi."

Fundi alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Aliipenda kazi yake, na alikuwa akifanya alivyofundishwa na waliomtangulia. "Dunia nzima inafanya hivyo, mdogo wangu."

"Na nikitaka kujua inavyofanya kazi, naweza kuifungua ndani?"

"Uifungue, kwani ni chungu?"

"Hii yangu inafunguka. Kila mstari unasomeka. Usipoupenda, unaubadilisha."

"Sindano, toa mkono."

"Sitoi."

Wakiwa hivyo, mkono mmoja juu ya tundu na flashi moja hewani, Mwalimu Mkuu aliingia. Alikuwa mama mrefu, mwenye sauti ya chini iliyosikika zaidi kuliko kelele. Wasichana walimwamkia, naye akaitikia, kisha akasikiliza pande zote mbili bila kukatiza.

"Kwa hiyo hii ni programu ya bure," alisema mwishowe. "Sindano, vya bure mara nyingi huja kutugharimu."

"Si ya bure, Mwalimu. Ni huria."

"Tofauti iko wapi?"

"Cha bure unapewa, unanyamaza. Cha huria unapewa pamoja na ruhusa. Ukifungue, ukisome, ukibadilishe, umpe na mwenzio. Mtu aliyekitengeneza ameandika kabisa kwamba amekubali. Hatuvunji mlango wa mtu."

Mwalimu Mkuu aliitazama kompyuta, akamtazama binti. "Kesho saa nne nitaleta watoto watano wa darasa la tatu. Wakiweza kujifunza somo moja hapa bila mtu kuwashika mkono, namba tano inabaki na huria yako. Wakishindwa, Fundi ataweka ya kwake, nawe hutaizuia tena kwa kiganja. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu."

Walipoondoka, Redio alivuta pumzi. "We mtoto, moyo wako una mfupa!"

Sindano alimaliza mstari wa mia moja na ishirini, ambao ulikuwa mwisho wa somo la kwanza, akaijaribu programu. Ukurasa wa kufungulia ulitokea, na chini yake orodha ya majina: walioianzisha, walioiongezea sauti, aliyechora picha. Mwisho kabisa yalikuwapo maandishi haya:

*Kiswahili, mstari wa 1 hadi 43: Bi Mkubwa wa Vitufe. Nimeishia hapa. Atakayenifuata aendelee. Akiona kosa arekebishe, asinicheke.*

"Jina lako liko wapi?" Redio aliuliza.

"Nafasi imejaa."

"Ondoa hao. Nani anawajua? Si umesema tumeruhusiwa kubadilisha?"

Sindano alisita. Kweli, alikuwa amesema hivyo. Alichagua orodha nzima, akabonyeza, ikatoweka. Mahali pake akaandika kwa herufi kubwa: *Imefanywa Kiswahili na Sindano, Darasa la Saba*. Ilipendeza. Hata hivyo, aliifunga upesi, kama mtu anayefunika sufuria ambayo hakupaswa kuonja.

Kesho yake saa nne, watoto watano walikuja wakiwa wamenawa nyuso. Mwalimu Mkuu alisimama nyuma yao, na Fundi akaegemea mlango, mikono kifuani. Sindano alikaa kando.

Mtoto wa kwanza alisoma kwa sauti, akaweka vidole mstari wa kati, akaanza. Alikosea, programu ikamwambia *Jaribu tena, taratibu*. Akajaribu. Alipopatia, nyota ilitokea, na wenzake wakapiga makofi. Wa pili akaendelea na zoezi la pili, wa tatu na la tatu. Hakuna aliyeuliza kitu. Fundi mwenyewe alisogea, akainama kutazama.

"Haya yote umeyaandika wewe?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tangu mstari wa kwanza?"

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. "Tangu wa kwanza," Sindano alijibu.

Wakati huohuo, mtoto wa tano alifika mwisho wa somo. Skrini ikaandika: *Umemaliza. Toka.*

Mtoto alisoma, akasoma tena. Akashuka kwenye kiti kwa adabu, akapita mbele ya Mwalimu Mkuu, akatoka nje. Wenzake wanne walitazamana. Wakubwa wa shule walikuwa wamesimama pale na kompyuta imesema. Nao wakatoka, mmoja mmoja, wa mwisho akarudishia mlango.

Kisha Fundi akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Kompyuta imefukuza darasa!"

Hata Mwalimu Mkuu aliuma mdomo. "Sindano, hapa ulikusudia nini?"

"Ilikuwa ni kuifunga programu, Mwalimu. Iondoke programu, siyo mtoto. Lakini huo mstari..." Uso ulimwaka. "Huo siyo wangu. Huo ni wa arobaini na tatu, aliuandika yule wa kwanza."

"Wa kwanza yupi? Hapa pana jina moja tu."

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Sindano siku ile ilikuwa fupi kama kutoka kwenye kiti hadi mlangoni.

"Palikuwa na majina mengine?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Yako wapi?"

"Niliyafuta."

Fundi hakucheka tena. Mwalimu Mkuu aliwaita watoto, akawashukuru, akawarudisha darasani. Kisha akasema kwa sauti yake ya chini, "Jana ulisimama hapa ukatuambia kwamba huvunji mlango wa mtu. Nenda nyumbani ukafikiri. Kesho asubuhi nitaamua kuhusu namba tano."

Mama yake Sindano alikuwa fundi cherehani. Chumba chao cha mbele ndicho kilikuwa karakana: meza ya kukatia, cherehani moja ya miguu, vipande vya vitambaa, na ukutani msumari uliotundikwa karatasi za kukatia nguo. Hizo hakuzifungia kabatini. Fundi yeyote wa mtaa aliingia, akaazima ya gauni au ya shati la shule, akarudisha siku nyingine.

Alasiri hiyo Sindano aliingia bila salamu, akarusha mkoba.

"Umepigana na nani?" Mama aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

Sindano alieleza yote, na kadiri alivyoeleza ndivyo hasira ilivyopanda. "Mistari sabini na saba nimeandika mimi! Yeye arobaini na mitatu tu, tena kakosea! Na wenyewe wamesema badilisha utakavyo!"

Mama alitema pini kiganjani. "Niletee karatasi ya gauni la mikono mipana."

Sindano aliileta. Ilikuwa ya kaki, imechoka kwenye mikunjo.

"Soma pembeni hapo."

Alikuwa ameziona karatasi hizo maisha yake yote, lakini hakuwahi kuyasoma maandishi ya penseli. "'Mwili: Mama wa Kona. Kola: Fundi Mrefu. Mkono nimeupanua inchi mbili, mimi Jirani wa Juu. Kwapa linabana, nimelegeza, Mama Sindano.'"

"Mama wa Kona alihama hata hujazaliwa," Mama alisema. "Angejua nani kama ningemfuta? Lakini nguo ikibana kiuno, najua ni mwili wa nani, naurekebisha. Ikimpendeza mteja, najua ni kola ya nani, namsifu. Ruhusa ya kukata ninayo, mwanangu. Ruhusa ya kusema nimeshona peke yangu, hiyo sikupewa na mtu."

Sindano aliikunja karatasi kwa kufuata mikunjo yake.

"Wewe ulitaka sifa zake, makosa yake ukamwachia. Sasa niambie, yeye alikuomba nini?"

"Atakayeona kosa arekebishe," Sindano alisema polepole, "asimcheke."

"Na wewe umemcheka mbele ya Mwalimu Mkuu."

Hilo lilimchoma Sindano kuliko yote, naye ndiye aliyezoea kuchoma. Alijifuta macho, kisha akainua kidevu. "Lakini programu ya Fundi bado ni ya wizi, Mama."

Mama alicheka, akazirudisha pini mdomoni. "Nani kasema siyo? Kasimamie lako. Ila kwanza unawe mikono."

Asubuhi, kabla ya kengele, Sindano alikuwa mlangoni kwa Mwalimu Mkuu. Fundi alikuwapo, na flashi yake shingoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekosa. Nilisema uongo, na nilifuta majina ya watu walionipa kazi yao. Kwenye sidii yapo, nitayarudisha yote leo. Lakini nimekosa mimi. Programu haikukosa. Watoto walijifunza, wewe mwenyewe uliona. Nikiadhibiwa, niadhibiwe mimi, siyo namba tano. Na zile nane, Mwalimu, bado kila asubuhi zinasema hatuna haki nazo, na sisi tunabonyeza tu zinyamaze."

Fundi alitazama viatu vyake. Mwalimu Mkuu aligeuza kalamu mezani.

"Zinasema hivyo kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Nami nimekuwa nikipita nikisema watoto wamezoea." Aliweka kalamu chini. "Rudisha majina. Namba tano inabaki. Ikifika jioni nikayaona yote, wiki ijayo mtaanza na namba sita, wewe pamoja na Fundi. Na wakaguzi wakija, watatukuta tulivyo. Sindano, mtu anayedai haki sharti awe wa kwanza kuitimiza. La sivyo hata akisema kweli, atasikika mwongo."

"Nimesikia, Mwalimu."

Nje kwenye kibaraza, Fundi alimfuata. Alikohoa. "Hiyo sidii... naweza kunakili? Nina mashine kadhaa kule kwangu zimekufa."

Sindano alimtazama aone kama anamtania. Hakuwa anamtania.

"Nakili. Mpe na mwingine," alisema. "Lakini majina usifute."

Baada ya vipindi, alikaa mbele ya namba tano, Redio pembeni yake akisoma kutoka kwenye sidii. Jina kwa jina, orodha ilirudi, ikawa ndefu hadi ikabidi ukurasa wa pili. Chini ya ujumbe wa Bi Mkubwa wa Vitufe, aliandika:

*Mstari wa 43: "Toka" sasa ni "Funga programu", kwa sababu watoto walitoka kweli. Mstari wa 44 na kuendelea: Sindano, na Redio aliyerudisha vidole mstari wa kati. Ukiona kosa, rekebisha.*

"Umeniandika!" Redio alipiga kelele hadi feni ikasahaulika.

"Mstari wa mia moja ishirini na moja," Sindano alisema. "Soma."

Walifika mia moja thelathini na sita kengele ya kwenda nyumbani ilipolia. Ulikuwa mstari mgumu, na neno lake halikupatikana. Sindano aliuacha nusu, akahifadhi, akaifunika namba tano kitambaa chake, safari hii kwa ajili ya vumbi tu.