Mkebe Mmoja Kati ya Sita

Kwa maneno ya Bathsheba, muuza ndizi wa pale ukumbini, soko la Ogembo, mwizi alikuwa Ogari mwenyewe. Alimwona kwa macho yake mawili akitoka nyuma ya gari la daktari na gunia begani, akienda mbiombio kama mtu aliyebanwa na haja, na ndani ya gunia kitu kikigongana kama sufuria. Alipomsalimu, Ogari hakuitikia. Na mtu asiyeitikia salamu, alisema Bathsheba, ana jambo.

Inspekta Mogaka alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba ainuke kidogo, akaketi yeye kwenye kigoda chake, akatazama upande wa gari. Aliona ukuta wa ukumbi. Gari lilikuwa nyuma ya ukuta.

"Mama, uliona kupitia hapa?"

"Mimi nimesema niliyoyaona. Wewe ukitaka kuona ukuta, ona ukuta."

Wauza ndizi wenzake wakacheka. Mogaka naye akacheka kidogo, lakini moyoni hakufurahi. Kwa maneno hayo ya Bathsheba, konstebo wake alikuwa amemfungia Ogari seli tangu jana.

Ogari alikuwa dereva wa Daktari Abner Nyamongo na ndiye aliyeendesha mashine yake ya sinema. Mwaka huo wa 1971 hakuna mtu Ogembo ambaye hakujua sinema za daktari. Alirudi kutoka masomoni ng'ambo na kamera, akafungua kliniki, akaanza kupiga filamu fupi fupi, kila moja dakika chache tu. Siku za soko madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa blanketi, shuka jeupe likatundikwa, na watu wakaona minyoo, maji machafu, na mtoto aliyekauka kwa kuhara. Kila filamu ilimalizika kwa daktari mwenyewe, koti jeupe, mbele ya mlango wa kliniki yake, akikaribisha watu. Kesho yake mabenchi yalijaa. Alifundisha na alijitangaza, na hakuficha lolote kati ya hayo mawili.

Mogaka alimkuta kliniki akiwa amekasirika.

"Mashine ilichukuliwa?"

"Hapana."

"Jenereta? Kamera?"

"Vyote vipo. Mkebe mmoja tu wa filamu, kati ya sita."

"Ulikuwa na nini?"

"Jipu la titi. Jinsi ya kulipasua na kumtunza mama anayenyonyesha. Ni filamu yangu bora, Inspekta. Ijumaa nilikuwa naipeleka Kisumu, madaktari wenzangu waitazame." Akashusha sauti. Alishuku kuna daktari mwenzake, huko Kisii mjini, aliyemwonea wivu na kumnunua Ogari.

"Huyo mama wa kwenye filamu ni nani?"

"Mgonjwa."

"Ana jina?"

"Naona wagonjwa wengi. Alitoka Nyacheki, nadhani."

"Uso wake unaonekana?"

"Lazima uonekane. Watu wakimwona amepona, anatabasamu, wanaamini."

Mogaka aliinyunyizia poda ile mikebe mitano iliyobaki. Alama za vidole vipana vya Ogari zilijaa kila mahali. Lakini juu ya mikebe miwili kulikuwa na alama nyingine, ndogo, za mtu aliyeisogeza ili afikie wa chini. Ngozi ya kidole cha shahada na ya gumba ilikuwa imekatwakatwa mistari myembamba. Mogaka hakuhitaji mtaalamu wa Nairobi kumweleza. Mkewe alikuwa na vidole kama hivyo. Ni vidole vya mchuma chai.

Akarudi kituoni, akamfungulia Ogari mlango wa seli, wakaongea wakiwa wameketi sakafuni.

Ogari alisema hajui kusoma, ndiyo sababu daktari alipaka kila mkebe rangi yake. Ule wa jipu ulikuwa mwekundu. Na sasa alipoulizwa vizuri bila kupigiwa meza, alikumbuka kwamba kulikuwa na mwanamke fulani. Alimwona soko la Nyamarambe, akamwona tena Tabaka, kisha hapa Ogembo. Kila mara aliketi karibu na mashine.

"Wote wanatazama shuka," Ogari alisema. "Mimi natazama mashine. Yeye anatazama mikono yangu. Nikajua nimependwa."

"Kumbe?"

"Kumbe alikuwa anajifunza mkebe gani ni upi. Nami nimenyoa ndevu bure."

Asubuhi iliyofuata Mogaka alipanda Nyacheki kwa miguu kutoka barabarani. Hakuuliza jina la mtu. Aliuliza tu ni boma gani lina mama aliyeugua titi mwaka huu, na watu waliomjibu walimjibu wakitazama chini. Akaelekezwa kwa mzee Omwenga.

Kabla hajabisha hodi aliona njia. Kulikuwa na njia ya zamani kutoka nyumba ya mzee kushuka mtoni, ikipita mbele ya mlango wa mwanawe. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota juu yake. Njia mpya ilizunguka nyuma, katikati ya chai changa, na miche kadhaa ilikuwa imeng'olewa ili mguu upite. Mogaka alisimama hapo kwa muda. Alijua watu wanaong'oa mche wa chai kwa sababu ya ugomvi wa mpaka. Hakujua mtu anayeng'oa chai yake mwenyewe ili arefushe safari yake ya mtoni.

Mzee alimpa kiti uani.

"Mzee, mbona unazunguka mbali hivyo?"

"Miguu inataka kunyooshwa."

"Ulikwenda sinema ya daktari?"

Omwenga akatazama kilima cha ng'ambo. "Nilikwenda. Wakanipa kiti cha mbele kwa sababu ya mvi zangu. Nilitoka kabla haijaisha."

Mogaka hakuuliza tena. Yeye pia alizaliwa Gusii. Alijua ensoni, ile haya inayowekwa kati ya mzee na mke wa mwanawe kama ua la kuzunguka boma. Hawapeani mikono. Mzee hakanyagi chumba anacholala mkwewe, wala haoni mwili wake. Sasa daktari alikuwa amemkalisha mzee kiti cha mbele na kumwekea kifua cha mkwewe ukutani, kikubwa kuliko mlango, soko zima likimtazama mzee akitazama. Hakuna aliyekosa katika boma lile, na bado boma lilikuwa limepasuka. Chakula cha mzee kilipitia kwa jirani. Mjukuu hakuletwa tena kumsalimu.

Alimkuta Kemuma, huyo mkwe wa mzee, shambani, kikapu mgongoni, akichuma. Alimwona inspekta, wala mikono yake haikusimama.

"Ni wewe ulichukua ule mkebe mwekundu?"

"Ni mimi."

"Ogari yuko seli kwa ajili yake."

Hapo mikono ikasimama. "Hilo sikulijua. Ningejua, ningekuja jana kwa miguu yangu." Akatua kikapu, akaenda kwa jirani kumwachia mtoto, akarudi amejifunga kitambaa chake cha kanisani. "Twende."

Daktari alikuwa tayari kituoni. Mogaka alimpa Kemuma kiti. Akakikataa. Akaeleza mambo yote akiwa amesimama, polepole, bila kuficha lolote: jinsi alivyofuata gari soko baada ya soko mpaka akaijua rangi, jinsi Ogari alivyokwenda kukunja nyaya ukumbini na kuacha mlango wa gari wazi, jinsi alivyoufunika mkebe kwa ndizi ndani ya kikapu na kupita mbele ya Bathsheba, wakaulizana hali za watoto.

"Filamu iko wapi?" Mogaka akauliza.

"Niliikatakata kwa panga. Nikaitupa chooni, na mkebe wake."

Daktari alishika kichwa. "Unajua ni wanawake wangapi wangepona kwa kuiona?"

"Hata mimi uliniponya. Nilikushukuru, nikakuletea kuku. Kifua changu sikukuletea."

"Nilikuomba ruhusa. Ulinyamaza."

"Ulisema ile mashine ni ya kuangalia jipu. Na kisu kilikuwa mkononi mwako." Kemuma hakupaza sauti. "Nani hubishana na mtu aliyeshika kisu juu yake? Halafu ukaniambia nicheke. Nikacheka kwa kuwa maumivu yaliisha. Ukachukua hicho pia."

"Sikuwa na nia mbaya."

"Baba mkwe wangu anang'oa chai yake apate pa kupita. Nia yako itampandia?"

Mogaka akakohoa.

"Mama, wizi ni wizi. Itabidi nikushtaki."

"Nishtaki. Nitasema haya haya mahakamani. Na hakimu akitaka ushahidi, aende akauchote chooni."

Konstebo mlangoni aligeuza uso ukutani, mabega yakimtetemeka. Mogaka akamtuma akamtoe Ogari. Kisha akamgeukia daktari na kumwuliza kama kulikuwa na nakala nyingine.

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Filamu asili iko Nairobi. Kwa wasafisha picha. Naweza kuagiza nyingine wakati wowote."

Kemuma hakuwa amelijua hilo. Alishika ukingo wa meza. Mogaka alidhani sasa atalia. Hakulia. Alinyoosha mgongo, akamtazama daktari usoni jinsi mke wa mtu asivyomtazama mwanamume mgeni.

"Simu ile pale," alisema. "Waambie Nairobi waichome. Leo, nikisikia. Halafu inspekta anifunge anavyotaka. Nakuomba, Daktari."

Mogaka aliisukuma simu mpaka mbele ya daktari.

Kemuma akangoja, amesimama. Daktari aliitazama simu, mikono yake miwili ikiwa mifukoni mwa koti jeupe.