Ufa Kwenye Baiskeli ya Garand

Mnyororo wa baiskeli ya Graciella ulichomoka mbele ya Gare du Nord, kituo cha treni cha Brussels, saa ambayo watu wanamiminika kutoka kazini, na aliyeinama kuurudisha alikuwa Séraphin. Yeye fundi wa baiskeli pale mtaa wa Schaerbeek, mzaliwa wa Bukavu. Graciella binti wa Lubumbashi, kavaa koti la manjano, anasomea historia. Alipomfuta grisi vidoleni kwa kitambaa chake mwenyewe, Séraphin alijua hana ujanja tena.

Walipendana miezi minane. Dosari ilikuwa Mathieu.

Graciella alikuwa akiandika tasnifu juu ya Émile Garand, Mfaransa, mtoto wa mwoka mikate, aliyeshindana kwa baiskeli viwanjani enzi za masharubu marefu. Miaka mitatu hakuna aliyemfikia. Kisha akaanguka hapa Brussels, bega likavunjika, asishindane tena maisha yake yote. Mathieu alikuwa kitukuu wake, mtanashati wa Uccle, mtaa wa matajiri, mwenye kuzihifadhi barua za marehemu, archives za ukoo. Kila Jumamosi Graciella alikwenda kwake kuzisoma.

"Bébé, unasikia wivu juu ya muntu wa archives?" alimtania.

"Wa archives alishakufa. Huyu anajipulizia parfum."

Graciella alicheka. Séraphin hakucheka.

Kisha akaletewa baiskeli yenyewe ya Garand aitengeneze, maana Mathieu angeipanda siku ya maonyesho ya kumkumbuka babu huyo. Alipoipangusa aliona ufa mwembamba kwenye fourche, ule uma unaoshika gurudumu la mbele: jeraha la anguko lile. Chuma kile kisingebeba mtu. Lakini asubuhi hiyo, kituoni pa tramu, alikuwa amemwona Mathieu kamshika Graciella kiuno. Akaupaka ufa rangi nyeusi, akanyamaza.

Siku ya maonyesho moyo ulimsuta hata mikono ikakataa kazi. Saa nane mchana alitupa spana, akakimbia. Alipoingia bustanini, aliyekuwa juu ya kiti cha baiskeli hakuwa Mathieu. Mathieu alikuwa amemwachia Graciella heshima hiyo, naye alikuwa amekunja kitenge magotini, tayari kuondoka.

Séraphin akaukamata usukani kwa mikono miwili.

"Shuka. Fourche iko na ufa. Nilionaka, nikapaka rangi."

Graciella alishuka, akakwangua rangi kwa ukucha mpaka ufa ukaonekana.

"Wakati ulitoka kwako, ulijua ni mimi nitapanda?"

Angeweza kudanganya. "Hapana. Nilijua ni yeye."

"Na ulikuya kumuokoa yeye?"

"Nilikuya."

Graciella akamgeuzia kisogo. Wiki tatu hakupokea simu yake hata moja. Séraphin alikonda, akiwawazia Graciella na Mathieu katika kila tramu ya kwenda Uccle.

Jumapili moja, baada ya misa, simu ikalia.

"Mathieu aliniomba ndoa," alisema Graciella. "Nilikatala. Yeye ni muntu muzuri, lakini roho yangu haiko kwake. Wewe ulifanya mubaya, ukaisema mbele ya watu wote. Bon. Maman anapika sombe. Kuya umusalimie."

Séraphin alikaa kitako kwenye ngazi za kanisa.

"Mathieu alilia?"

"Séraphin."

"Naacha wivu, chérie. Naacha. Niko njiani."